Rodi Kopany: Soko Lililokatwa na Barabara Yake

Msafiri atokaye Rongo kwenda Homa Bay, akiisha kuipa kisogo barabara kuu ya Kisii na Isebania na kushika njia ya kuelekea Ziwani, hufika mahali ambapo njia yake hukutana na nyingine iendayo Ndhiwa na kuendelea mpaka Karungu, ambako ni katika kaunti ya Migori. Mahali hapo ndipo Rodi Kopany, katika kaunti ya Homa Bay. Aghalabu msafiri hapajui ila kwa zile dakika chache za matatu kusimama: dirisha husukumwa, ndizi na karanga huingizwa, chenji hutupwa, utingo hupiga bati la gari makofi mawili, na safari ikaendelea. Lakini mwenye kuteremka akasimama kando kwa muda wa saa moja tu huona jambo lisiloonekana dirishani, nalo ni soko lililozaliwa na barabara, likalishwa na barabara, na kisha likakatwa vipande na barabara hiyo hiyo.

Nilisimama hapo asubuhi moja nikamtazama mama mmoja aliyekuwa na beseni la omena kichwani, gorogoro ya kupimia imefudikizwa juu ya omena, na mkono wake wa kushoto umemshika mtoto wa kike. Haja yake ilikuwa upande wa pili wa lami, mwendo usiozidi hatua ishirini. Alingoja lori lipite, kisha matatu, kisha bodaboda tatu zilizofuatana, kisha trekta lililovuta matela ya miwa. Mara mbili alitia mguu lamini akaurudisha. Alipovuka alivuka mbio, beseni limetulia kichwani kwa ustadi wa miaka mingi, mtoto akimfuata kwa kuvutwa. Upande wa pili hakupokewa na njia. Alipokewa na mtaro wa kina cha magoti, ambao juu yake, mbele ya duka moja, palikuwa pamelazwa ubao mmoja mwembamba uliopindika katikati kwa kukanyagwa. Akaupita kwa hatua za ubavu, akaushikilia mkono wa mtoto mpaka naye akapita, na hapo ndipo akatua beseni lake.

Nimeanza na mama huyu kwa sababu ninalo neno moja la kusema, nalo linamhusu yeye. Kituo cha biashara kama Rodi Kopany kitahuika siku ambayo mtu wa miguu, mwenye mzigo kichwani na mtoto mkononi, atafanywa kuwa kipimo cha barabara, cha soko na cha mtaro. Na mpango wowote uanzao na kipimo kingine, hata ukiwa na mali nyingi kiasi gani, utampita kama malori yanavyompita.

Jinsi vituo vilivyosahauliwa

Kudhoofika kwa vituo vidogo vya Nyanza Kusini hakukuletwa na ajizi ya wakazi wake, maana hakuna asiyejua bidii ya watu wa nchi hii katika kulima, kuvua na kuchuuza. Sababu moja kubwa imeandikwa katika karatasi za serikali yenyewe. Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965, uliohusu Ujamaa wa Kiafrika na namna ya kuutumia katika mipango ya Kenya, ulishauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali ambapo zingezaa faida kubwa zaidi kwa haraka. Shauri hilo lilionekana la busara kwa wahasibu, lakini athari yake ilikuwa kwamba palipokwisha kuwa na reli, mashamba makubwa na umeme pakaongezewa, na pasipokuwa navyo pakaambiwa pasubiri zamu ambayo kwa wengi haikufika. Mpango wa Maendeleo wa miaka 1970 hadi 1974 ulivipanga vituo kwa daraja, vya miji, vya mashambani, vya masoko na vya chini yake, kwa nia njema kwamba kila kimoja kipate huduma zilizolingana na cheo chake; ila kuwa na jina katika orodha ni jambo moja, na kuwa na bomba la maji ni jambo jingine.

Katiba ya mwaka 2010 ilikuja na insafu mpya. Tangu mwaka 2013 kaunti zinatawala, na sheria inadai zipewe sehemu isiyopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Katika sensa ya mwaka 2019 kaunti ya Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori 1,116,436, hesabu ambazo si za vijiji vya kupuuzwa. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, iliporekebishwa mwaka 2019, iliweka wakazi 10,000 kuwa kipimo cha mji mdogo na wakazi 2,000 kuwa kipimo cha kituo cha soko, na kwa hivyo hata kituo kidogo kimepata mlango wa kisheria wa kubishia hodi.

Hata hivyo imebaki ila moja ambayo wachuuzi huihisi kila siku ingawa aghalabu hawaitaji kwa jina. Masoko ni amana ya kaunti, na ushuru wa soko huingia katika sanduku la kaunti. Lakini barabara kuu za taifa, tangu Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ziko mikononi mwa mamlaka za taifa, ambazo kazi yake ni kuhakikisha magari yanapita upesi na salama. Basi mwenye kutoza ushuru hana amri juu ya lami, na mwenye lami hana faida wala hasara katika soko. Katikati ya wawili hao kuna kipande cha ardhi kisichozidi mita chache kila upande, kiitwacho akiba ya barabara, na katika kipande hicho ndimo walimo wauza nyanya, wauza mitumba, mafundi wa baiskeli, waendesha bodaboda na kila mtu ambaye riziki yake hutegemea macho ya apitaye. Kisheria hawapaswi kuwapo, na kiuchumi hawana pengine pa kuwa. Kila baada ya muda hufukuzwa, vibanda hubomolewa, na baada ya wiki chache hurejea, kwa kuwa mteja hakuhama.

Funzo la Ng'ambo

Waswahili hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa mji uliokatwa ukahitaji kuunganishwa, kwa maana mfano mkubwa kuliko yote uko Unguja. Mji Mkongwe ulikaa juu ya rasi iliyotengwa na mkono wa bahari, na wale waliojenga upande wa pili, wengi wao wakiwa watu wa kazi, mafundi na wachukuzi, wakaitwa watu wa Ng'ambo. Daraja lililounganisha pande hizo ndilo lililoacha jina la Darajani, mahali ambapo soko kuu lilijengwa mwaka 1904, na haikuwa sadfa kwamba soko lilichagua kukaa pale pale pa kuvukia. Mkono wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo na mahali pake ikapita barabara, lakini utengano haukufukiwa pamoja na maji. Mipango ya enzi za ukoloni, kuanzia ule ulioandikwa na Mwingereza H. V. Lanchester mwaka 1923, iliendelea kuuhesabu mji wa mawe kuwa ndio mji, na Ng'ambo kuwa mtaa wa wenyeji.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, serikali ya Sheikh Abeid Amani Karume iliazimia kuigeuza Ng'ambo kuwa mji mpya wa wanyonge, na kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yakajengwa yale majumba marefu ya ghorofa ya Michenzani, yaliyopangwa kwa mfano wa msalaba kandokando ya barabara pana. Azma ilikuwa ya heshima, na familia nyingi zilipata maji ya bomba na umeme. Lakini ili barabara na majumba hayo yapite, nyumba nyingi za zamani zilibomolewa pamoja na vichochoro, vibaraza na maskani zilizokuwa zimewaunganisha majirani. Mwaka 2000 UNESCO ilipoutia Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia, mpaka wa urithi ulichorwa na Ng'ambo ikaachwa nje, kwa mara nyingine tena upande wa pili.

Ndiyo maana mradi ulioanzishwa mwaka 2013 na idara ya mipango miji ya Zanzibar pamoja na washirika wake wa Uholanzi, wakauita Ng'ambo Tuitakayo, unastahili kutafakariwa na kila mwenye madaraka katika kaunti zetu. Kabla ya kuchora lolote, waliingia mitaani wakaandika kile ambacho ramani za awali hazikukiona: baraza ipi hukaliwa na wazee jioni, maskani ipi husomewa magazeti, mti upi hutoa kivuli cha biashara, jengo lipi lilikuwa sinema, na mahali gani watu wamepapa jina lisiloandikwa popote. Mambo hayo waliyahesabu kuwa mali ya mji, sawa na majengo. Ninaona hekima kubwa katika mwanzo huo, kwa sababu mtu hawezi kuunganisha asichokijua kwamba kipo.

Waliojuta ughaibuni

Mataifa makubwa yametenda kosa hili kwa kiasi kilichozidi chetu, na sasa yanalipa fidia. Sheria ya barabara kuu ya Marekani ya mwaka 1956 ilileta maelfu ya maili ya njia za magari ya kasi, na katika miji mingi njia hizo zilipitishwa katikati ya mitaa ya watu weusi na maskini, ambao ardhi yao ilikuwa rahisi na sauti yao ilikuwa ndogo. Mjini New Orleans, katika mtaa wa Tremé, barabara ya Claiborne ilikuwa na safu za mialoni mikubwa iliyowapa wakazi kivuli cha biashara na cha sherehe zao. Mwaka 1966 mialoni hiyo ilikatwa ili barabara ya kasi ipite juu ya nguzo za zege, na maduka yaliyokuwa yakiishi kwa watembea kwa miguu yakafifia moja baada ya jingine. Mwaka 2021 Bunge la nchi hiyo lilitenga dola bilioni 1 kwa ajili ya kuziunganisha jamii zilizokatwa na barabara za namna hiyo. Huko Seoul, Korea Kusini, wakuu wa jiji walibomoa barabara ya juu iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon, na mwaka 2005 wakakifungua kijito hicho kwa urefu wa takriban kilomita 5.8, wananchi wakarudi kukaa kandokando ya maji.

Simtaki mtu wa Rodi Kopany abomoe barabara yake, kwani bila barabara hiyo hakuna Rodi Kopany. Nataka aone kwamba waliojenga kwanza na kuuliza baadaye walilipa mara mbili, na kwamba sisi, ambao vituo vyetu bado ni vidogo, tunaweza kuuliza leo kwa gharama ya baraza moja la wananchi.

Yaliyowezekana Nairobi

Na wala isidhaniwe kwamba hayo ni ya kwao tu. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu, yaani vijiji vya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, vyenye zaidi ya kaya 100,000. Uchunguzi uliotangulia tangazo hilo ulikuwa umedhihirisha kwamba maskini wa Mukuru walikuwa wakilipia maji kwa bei kubwa kuliko wakazi wa mitaa ya matajiri, kwa sababu walinunua kwa mtungi kutoka kwa wachuuzi. Shirika la wakazi liitwalo Muungano wa Wanavijiji, pamoja na washirika wake, lilisaidia kuwakusanya wakazi kwa makundi madogo ya kaya jirani, kila kundi likatoa mwakilishi, na sauti ya chini ikapanda daraja kwa daraja mpaka kwa wataalamu. Lililonigusa zaidi ni habari ya upana wa njia: wapangaji walipoona kwamba vipimo vya kawaida vya barabara vingewaondoa watu wengi mno majumbani mwao, walikubali kuzipunguza njia ili watu wabaki. Kwa mara moja barabara ilipimwa kwa watu, na watu hawakupimwa kwa barabara.

Katikati ya jiji hilo hilo, mwaka 2019, barabara ya Luthuli iliyokuwa imesongwa na matatu, moshi na kelele ilifanywa ya mwelekeo mmoja, nafasi ya magari ikapunguzwa na ya waendao kwa miguu ikaongezwa, ikapandwa miti na kuwekwa mabenchi. Ni kipande kifupi cha njia, lakini kilionyesha kwamba hata katikati ya Nairobi mtu anaweza kupewa nafasi iliyokuwa ya gari.

Tadbiri kwa Rodi Kopany

Kutokana na hayo yote, na kutokana na yule mama wa omena, naona tadbiri zinazofaa hapa, nazo zote ni za gharama ya wastani.

Ya kwanza ni kivuko. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaamuru magari yasizidi kilomita 50 kwa saa katika vituo vya biashara, na Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilizitaka nchi zishushe mwendo huo mpaka kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Lakini dereva hatii kibao, hutii umbo la barabara. Kivuko kiinuliwe kama tuta pana la bapa, mtu avuke bila kushuka wala kupanda, na kiwekwe pale pale ambapo watu huvuka sasa, hata kama mhandisi angependa kingine umbali wa mita mia. Watembea kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wanaokufa barabarani nchini mwetu, na hakuna uchumi wa kituo unaoweza kuhuika juu ya makaburi ya wateja wake.

Ya pili ni mtaro. Sehemu kubwa ya Homa Bay ina udongo mweusi unaonata, ambao mvua ikinyesha hushika maji na kuyaachilia kwa shida, kwa hivyo mitaro ni ya lazima. Lakini mtaro uliofunikwa kwa mabamba ya zege yanayoinulika ni mtaro na njia ya miguu kwa pamoja: maji hupita chini, watu hupita juu, na fedha hutumika mara moja. Mtaro ulioachwa wazi, kinyume chake, hugeuka jaa la maganda na mifuko, huziba, na mvua ya kwanza ya masika huumwaga uchafu wote mlangoni pa maduka.

Ya tatu ni steji. Matatu na bodaboda zikijazana katika kinywa cha njia panda, hakuna avukaye wala aonaye. Zikihamishwa mbali sana, abiria hawatazifuata, na wachuuzi wataacha soko jipya wawafuate abiria barabarani. Steji ikae hatua chache kutoka njia panda, na njia yake ya kutokea ipite katikati ya soko, ili kila ashukaye apite mbele ya biashara kabla ya kufika aendako. Hivi ndivyo Darajani ilivyofanikiwa kwa zaidi ya miaka mia moja, kwa kukaa mahali pa kupitia.

Ya nne ni soko lenyewe. Vibanda vya barabarani mara nyingi huyapa mgongo maduka ya nyuma, na yale ya nyuma hufa kwa kukosa macho. Vichochoro viwili vitatu vikifunguliwa kati ya vibanda, vyenye upana wa kupita mkokoteni, vikawa na taa ya mulika mwizi mahali pa kukutania, choo safi, bomba la maji na miti ya kivuli, soko la nyuma litapumua na saa za biashara zitarefuka mpaka baada ya magharibi, wakati ambapo wafanyakazi hurudi wakitafuta mboga za usiku.

Ya tano, ambayo bila hiyo nne za kwanza ni bure, ni staha kwa wenye vibanda. Kabla kibanda kimoja hakijaguswa, wachuuzi wote wahesabiwe kwa majina, kila mmoja ajue mahali pake papya, na mahali hapo pawe tayari. Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 inadai ilani ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu waliokalia ardhi pasipo idhini, na ninaona hiyo kuwa kiasi cha chini kabisa cha adabu. Tena ushauri usifanywe katika ukumbi wa makao makuu ya kaunti, ambako mwuza omena hawezi kufika pasipo kufunga biashara. Wapimaji waje sokoni wenyewe na kamba na chokaa, wachore kivuko na steji juu ya ardhi yenyewe, waache mchoro huo kwa wiki moja, watu wautumie na kuukosoa, na ndipo uandikwe katika karatasi. Chokaa hufutika kwa ufagio. Zege likikosewa hubaki na kosa lake kwa kizazi kizima.

Kwa kuwa njia ni ya mamlaka ya barabara na soko ni la kaunti, na kwa kuwa barabara hiyo inaendelea mpaka Migori, haifai mmoja amsubiri mwenzake. Mwakilishi wa wadi, mamlaka ya barabara, wasimamizi wa soko na viongozi wa wachuuzi wakae pamoja, na mapatano yao yaandikwe kwa lugha ambayo kila mwenye kibanda anaweza kuisoma.

Kabla sijapanda matatu ya kurudi, nilivuka kwenda upande ule wa duka nikautazama tena ubao ulio juu ya mtaro. Ulikuwa umekatwa kutoka mbao ya zamani ya ujenzi, bado una misumari miwili iliyopindwa kwa uangalifu ili isimchome mtu mguuni. Hakuna ofisi iliyouweka. Mtu mmoja wa hapo aliona kwamba wenzake wanateseka kuvuka, akautoa ubao wake, akaipinda misumari, akaulaza. Mpango wa Rodi Kopany umekwisha kuanzwa na mkono huo, na wajibu wa wakubwa ni kuumalizia kwa zege.